Kava la klachi haling'olewi kwa bisibisi

Jana kaja kijana wa bodaboda, wa tatu mwezi huu mwenye shida ileile. Pikipiki kaisukuma, oili imemlowesha mpaka kiatu. "Shikamoo fundi. Piga silikoni tu, abiria ananisubiri."

Nilipofungua kava la klachi, kile kifuniko cha ubavuni mwa injini, nikapitisha ukucha kwenye uso wa injini pale kava linapokalia. Ukucha ukanasa mara nne. Kila uliponasa, alama ilikuwa na upana wa bisibisi bapa.

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kava likigoma unachomeka bisibisi kwenye mshono na kupindua. Bisibisi ni chuma kigumu, kava ni alumini laini. Wakigombana, anayeumia anajulikana. Gasketi ya karatasi, ile inayokaa katikati ya kava na injini, haizibi mfereji ule wa bisibisi. Oili inavuja, fundi anaongeza silikoni, ile gundi ya kuzibia mshono, safari ijayo kava linagoma zaidi, na bisibisi inazamishwa zaidi.

Kumwaga oili, kutoa kiki, kuzipanga bolti kwenye boksi kwa kuwa urefu wake haulingani, hayo mnayajua. Ila zihesabu. Nimewahi kutwanga kava nusu saa, kumbe bolti moja imejificha chini ya tope. Msicheke.

Sasa linaloniudhi. Kava likigoma mnailaumu silikoni, wakati mara nyingi kilicholishika ni zile pini mbili za kulilenga likae mahali pake. Huku pwani, chumvi ikiingia pale, alumini inafanya ungaunga mweupe na kuing'ang'ania pini. Kava lazima litoke sambamba. Ukiinua upande mmoja, pini inakaa kimshazari, na hapo hata uite kijiwe kizima halitoki. Chukua nyundo ya mpira, gonga pembeni palipo na mwili mnene, zunguka, rudi ulipoanzia. Makava mengi yana kisikio kinachochomoza nje ya mshono: weka kipande cha mbao hapo, gonga taratibu. Likiachia milimita moja upande huu, nenda upande wa pili. Ni kazi ya kuchosha, najua.

Kuna na wale wa moto wa gesi, eti wanayeyusha silikoni. Silikoni ya injini imetengenezwa kuvumilia zaidi ya nyuzi 200. Utakachopika ni sili ya mti wa kiki, ile pete ya mpira inayozuia oili. Joto lina kazi nyingine: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tambara lililolowa maji ya moto, likikandwa penye pini, huilegeza. Basi, si zaidi.

Upande wa sumaku, ule unaozalisha umeme wa pikipiki, kuna kile kimpira kinachopitisha nyaya, nacho kimegandishwa. Ukikivuta kwa koleo kinachanika, au unakata waya ndani ya ganda usiuone mpaka taa zianze kukonyeza. Mimi natumia mshipi wa kuvulia: naupitisha nyuma ya mpira, nauvuta huku na huku kama msumeno. Vimpira vikongwe, vilivyokakamaa kama kwato, bado vinanivunjikia. Sina dawa yake.

Petroli? Silikoni huvimba ikilowa petroli, hilo kweli. Lakini kwenye mshono mwembamba nimelaza petroli usiku kucha nisione kitu, na siku nyingine kava likatoka kwa kugonga mara moja. Kama ni petroli au ni subira, siwezi kuapa. Kimpira cha nyaya usikiloweke, nacho huvimba.

Kusafisha: rula ya plastiki. Msasa acha, punje zake zinaishia kwenye beringi. Na ile silikoni ya madirisha inayonuka siki, tafadhali, ni tindikali, inakula alumini.

Turudi kwa kijana. Nilitoa chujio la oili nikamwonyesha: silikoni imejaa kama tambi. Ile inayominyika ndani ikikatika huja kulala hapo, pampu ikabaki inafyonza kwa shida. Akanyamaza. Abiria alishapanda ya mwenzake.

Nikaosha, nikatia gasketi mpya. Ila mifereji minne ile haina gasketi inayoiziba, na kuupeleka uso ule kusawazishwa ni kuipasua injini yote, pesa ambayo hana. Nikachukua tyubu, nikapaka utando mwembamba kama mafuta ya chapati.

Akaniangalia. "Si ndicho nilichosema, fundi?"