“Fundi, hii ni orijino?”

Naulizwa hivyo kabla hata ya salamu. Dada anafungua mfuko wa kitambaa taratibu kama anafunua mtoto aliyelala, anaiweka pochi mezani, anainama kidogo, anashusha sauti: “Fundi, hii ni orijino?” Zipu iliyomleta anaikumbuka baadaye.

Nakarabati mikoba Kariakoo, huu mwaka wa kumi na nne. Nilianzia viatu, barazani kwa mjomba wangu Tanga, nikahamia mikoba kwa sababu isiyo na heshima yoyote: viatu vinanuka. Kazi yangu iko upande ambao mwenye mkoba haoni, chini ya bitana, kwenye gundi, kwenye karatasi ngumu inayoshikilia umbo. Kwa kuwa nayajua ya ndani, wateja hudhani tamaa ya mikoba ya majina makubwa hainipati. Inanipata. Nitafika huko.

Inayonifikia kuliko zote ni Louis Vuitton, ya kweli ya Ufaransa na kopi ya Guangzhou, China. Wengi hushtuka nikiwaambia kwamba ile kahawia yenye herufi na maua si ngozi. Ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki, yaani turubai, kama la dereva wa fuso. Mama mmoja alininunia wiki nzima kwa neno hilo, ingawa mimi nilikuwa nasifia. Vuitton alianza Paris mwaka 1854 akitengeneza masanduku ya safari. Masanduku ya wakati ule yalikuwa na kifuniko cha mviringo, ukiyapandanisha yanateleza. Mwaka 1858 akatoa lenye kifuniko bapa, likavikwa turubai badala ya ngozi, likapangika vizuri kwenye treni na meli. Turubai lilikuwa jepesi na halikupitisha maji. Kwa msafiri hiyo ilikuwa bidhaa bora, si ya kubania gharama.

Watu wakaiga. Ikaja mistari, ikaigwa. Mwaka 1888 vikaja vile vyumba vya drafti, navyo vikaigwa. Mwaka 1896, baba akiwa ameshafariki, mwanawe Georges akatunga nakshi ya L na V na maua ili kuwashinda waigaji kabisa. Sasa toka Msimbazi uingie Mtaa wa Kongo, ukifika mwisho wa mtaa uniambie umehesabu ngapi.

Sisi watu wa pwani hili tulilijua mapema. Bibi yangu alikuwa hanunui kanga bila kutafuta kwanza maandishi madogo ya pembezoni, “K.H.E. Mali ya Abdulla”, alama ya duka la Kaderdina la Mombasa. Miaka yangu ya utoto nilidhani Abdulla ni jamaa yetu. Kanga isiyo na maandishi yale aliishika kwa vidole viwili, akaiachia. Kitambaa kingine huenda kilikuwa kizuri vilevile, ila mashosti zake wangekitazama pembezoni kwenye shughuli, na yeye alijua kwamba wangetazama.

Turudi mezani. Kwenye mkoba huo wa turubai, ngozi ipo kwenye mishikio na kingo: ya ng’ombe, iliyosindikwa kwa tanini ya mimea na kuachwa bila rangi. Tanini ya namna hiyo si ngeni kwetu, magome ya miwati ya Njombe yamekuwa yakitoa dawa ya kusindikia ngozi tangu enzi za mkoloni. Ngozi hii ikiwa mpya ina weupe wa maziwa yaliyodondokewa na chai. Jua na mafuta ya mikono huifanya kama asali, kisha kahawia. Paris wanauita huo uzuri wa umri. Dar, kwa jasho letu na mafuta ya nazi, umri huo unafika miezi sita tu, na mteja anakuja: “Fundi, irudishe nyeupe.” Hairudi, dada. Anayekuahidi kuirudisha anaipaka rangi, na rangi hiyo itaishia kwenye gauni lako.

Unyevu ndio adui hasa. Kuna mikoba ya zamani, ya kweli kabisa, ambayo mifuko yake ya ndani ilipakwa polyurethane. Plastiki hiyo hula unyevu wa hewa pole pole, kemia yake inakatika, na siku moja unaingiza mkono unakuta ndani kunanata kama kashata iliyoyeyuka. Mwenyewe huapa kwamba mtoto kamwaga soda. Hakuna aliyemwaga. Ni hewa ya Dar na miaka. Hapo nafumua bitana yote, natia nyingine. Ugonjwa huohuo ndio unaobandua zile pochi za “ngozi” za bei ya chini kama gamba la nyoka, ila zenyewe zinaumwa kwa nje, mbele za watu. Ushauri wangu mmoja, bure: usihifadhi mkoba wowote kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko wa kitambaa, tambara safi ndani kushika umbo, na kabati ufungue mara kwa mara.

Sasa swali la dada. Mara nyingi jibu ninalo nikishafumua. Naangalia mishono karibu na mshikio, kama ya kulia na ya kushoto inalingana kwa hesabu. Naangalia ukingo, kama rangi ilipakwa mara moja ikaachwa, au ilipakwa, ikasuguliwa, ikapakwa tena. Namba iliyogongwa ndani hainisaidii sana. Vuitton wenyewe waliacha kugonga namba za tarehe mwaka 2021, wakaanza kuweka chipu, na kabla ya hapo waigaji walikuwa wanazigonga vizuri tu. Kopi za siku hizi zina ngozi ya kweli na fundi wa kweli. Nimewahi kukuta feki yenye mshono ulionyooka kuliko orijino iliyokuwa pembeni yake. Sikusema kitu, maana wenye mikoba hiyo miwili walikuwa wamekaa benchi moja.

Jambo jingine nimeliona kwa miaka mingi: mwenye feki huutunza mkoba wake kuliko mwenye orijino. Wa orijino anauweka sakafuni, anatupia funguo na machungwa ndani. Wa feki anaogopa kila mkwaruzo, kwa kuwa mkwaruzo unaweza kumsema.

Yote hayo ni Vuitton, anayejitangaza kwa kuonekana. Hermès ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoanza kuumwa.

Thierry Hermès alifungua karakana Paris mwaka 1837, akishona hatamu na vifaa vya farasi. Mshono wa watu wa farasi hauigwi na cherehani. Unachukua uzi mmoja wa kitani, unaupaka nta ya nyuki, unatia sindano kila ncha. Ngozi inabanwa kwenye koleo refu la mbao lililoshikwa kwa mapaja. Msharasi unatoboa, sindano ya kulia inapita, ya kushoto inapita tundu lilelile ikitokea upande wa pili, kisha unavuta kwa mikono yote miwili kama mpiga makasia. Tundu linalofuata, vivyo hivyo. Kwenye cherehani uzi wa juu na wa chini hushikana kwa vitanzi, ukikatika mmoja mshono unaanza kuachia. Kwenye mshono wa farasi, ncha moja ikikatika, ile nyingine bado imeshika kila tundu. Na hatamu ikiachia farasi akiwa mbioni, mtu anavunjika shingo, kwa hiyo hawakushona hivyo kwa urembo.

Mjomba wangu alishona soli kwa njia hiyohiyo, sindano mbili, uzi wa nailoni, nta ya mshumaa. Jina Hermès hakuwahi kulisikia. Basi kama mshono huu barazani Tanga upo, dola zaidi ya 10,000 za mkoba wa Hermès uitwao Birkin zinatoka wapi? Ngozi yao ni nzuri kupita niliyowahi kushika, hilo nalikubali, na fundi mmoja huukalia mkoba mmoja kati ya saa 15 na 20, mwanzo hadi mwisho. Piga hesabu utakavyo, mpe fundi mshahara mnono, bado hufiki huko.

Fedha iko kwenye kunyimwa. Huingii dukani ukaonyesha kidole ukasema nataka ile. Unajenga mazoea na muuzaji, unasubiri, na siku wakiona unafaa wanakuita chumba cha pembeni. Mwezi Machi 2024 wateja wawili wa California waliishitaki kampuni, wakidai kwamba wanalazimika kununua skafu, viatu na vito kwanza ndipo waonyeshwe Birkin. Mwaka 2025 jaji aliitupa kesi. Mimi nilicheka peke yangu dukani: watu wameenda mahakamani kuomba wasaidiwe kuuziwa! Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa wameongeza la tatu, chema kinajificha, na ukikipata leo unaweza kukiuza kesho kwa bei ya juu zaidi.

Na asili yake ni kikapu. Miaka ya themanini mwanzoni, mwimbaji na mwigizaji Jane Birkin alikuwa kwenye ndege kutoka Paris kwenda London na kikapu chake cha kusuka, vitu vikamwagika. Jirani yake wa kiti alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès. Jane akamlalamikia kwamba hakuna mkoba unaomtosha mama mwenye mtoto, wakachora mmoja hapohapo, na mwaka 1984 ukatoka. Julai 2025 ule wa kwanza kabisa, wa Jane mwenyewe, ulinadiwa Sotheby’s Paris kwa euro milioni 8.6. Niliangalia picha zake kwa jicho la kazi: umekwaruzika, una alama za stika alizobandika, na ndani kuna kikata kucha kinaning’inia. Mteja wangu akiniletea mkoba wa hali ile ataniomba msamaha kwanza.

Mamba nisiseme sana. Birkin inayoitwa Himalaya, iliyouzwa Hong Kong mwaka 2017 kwa zaidi ya dola 370,000, bizimu zake zikiwa na almasi, ni ngozi ya mamba wa Nile, jamii ya hawa wetu wa Rufiji, aliyefugwa shambani. Himalaya ni rangi tu, kijivu kinachofifia kuwa theluji.

Kuna upande wa kazi hii unaonikera. Juni 2024 mahakama ya Milano, Italia, iliiweka chini ya uangalizi kampuni tanzu ya Dior, jina jingine kubwa la Ufaransa, inayotengeneza mikoba, baada ya wachunguzi kukuta kazi imepewa karakana ndogo zilizowanyonya wafanyakazi, wengine wakilala humohumo. Nyaraka zilionyesha mkoba uliouzwa dukani euro 2,600 ukilipiwa karakana euro 53, ngozi na vifaa kando. Uangalizi huo uliondolewa mapema mwaka uliofuata. Lakini ile 53 haijanitoka kichwani. Huwa naikumbuka mteja wa pochi ya mamilioni anapokaa kubishana nami kwa shilingi elfu ishirini na tano za zipu.

Sasa tamaa yangu. Sitaki kumiliki Birkin wala Kelly, mkoba mwingine wa Hermès. Ningeupeleka wapi, kwenye daladala ya Mbagala? Ninachotaka ni kuufungua. Kuulaza mezani, kufumua mishono sita ya mshikio, kuona jinsi mwenzangu wa Paris alivyomaliza uzi wake, aliurudisha nyuma matundu mangapi, aliuficha wapi. Miaka kumi na minne, na hakuna hata mmoja wa kweli uliopita mikononi mwangu. Feki zake, makumi.

Mwaka jana dada mmoja wa Upanga, mteja wangu wa siku nyingi, aliniambia shangazi yake anayeishi Muscat, watu wa Unguja kwa asili, ana Kelly ya miaka ya themanini. Mshono wa mshikio umeanza kuachia upande mmoja. Hermès wenyewe wanakarabati, ila shangazi hataki ukae mbali naye miezi na miezi, na anakuja Dar mara kwa mara. Alituma picha. Uzi umekatika sehemu moja, na kama nilivyoeleza juu, ncha ya pili bado imeshika.

Alisema atakuja nao baada ya Idi. Idi zimepita mbili. Uzi wa kitani nimeshaagiza kwa kijana aliyekuwa anarudi kutoka Istanbul, nta ya Tabora ipo kwenye kopo, na koleo la mbao nimemchongesha seremala wa Keko, nikalijaribu kwenye mabaki ya ngozi jioni baada ya kufunga duka.

Juzi nilipiga simu mwenyewe.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Safari imesogea. Labda Rajabu, inshallah.”

Nikamwambia hakuna haraka. Nilipokata simu nikafungua tena ile picha ya mshikio, nikaivuta kwa vidole mpaka uzi ukajaa kioo kizima.