Je, wajua neno "fidia" katika Marko 10:45 lina maana gani kwa Kigiriki?

Siku hizi tukisikia "fidia" tunamfikiria aliyebomolewa nyumba au aliyeumia kazini: amepata hasara, sasa analipwa. Msomaji akifika Marko 10:45, Yesu anaposema amekuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", ana haki ya kuuliza: hapo nani amepata hasara?

Neno la Kigiriki ni lutron. Katika Agano Jipya limo mara mbili tu, hapo na Mathayo 20:28. Limetokana na kitenzi luo, kufungua kilichofungwa. Marko anakitumia kitenzi hichohicho kwa kulegeza gidamu ya viatu (1:7) na kwa kumfungua mwana-punda (11:2). Lutron, basi, ni bei ya kufungulia. Wagiriki walilipa lutra, kwa wingi, ili mateka wa vita arudi kwao au mtumwa awe huru. Kwa hiyo aliyelisikia neno hili katika karne ya 1 alikumbuka minyororo.

Wayahudi waliosoma Torati kwa Kigiriki walilifahamu pia. Katika Hesabu 3, Walawi wanatwaliwa badala ya wazaliwa wa kwanza wa Israeli, na wazaliwa 273 waliozidi idadi ya Walawi wanakombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja, jumla 1,365. Lakini Hesabu 35:31 inafunga mlango: msipokee lutra kwa uhai wa mwuaji. Yako maisha ambayo fedha haiyafungui. Mimi naona uzito wa kauli ya Yesu uko papo hapo, kwa kuwa anachotoa ni nafsi, uhai wenyewe.

Tena kuna neno dogo anti, ambalo katika "fidia ya wengi" limejificha ndani ya "ya". Maana yake ni badala ya, mahali pa. Ndilo lililomo katika "jicho kwa jicho" (Mathayo 5:38), na Arkelao alipotawala mahali pa Herode babaye (Mathayo 2:22).

Je, bei hiyo alilipwa nani? Origene, mwalimu wa Kanisa katika karne ya 3, alisema Shetani, aliyekuwa amewashika watu. Askofu Gregori wa Nazianzo, karne iliyofuata, alikataa kwa ukali: mnyang'anyi apewe malipo makubwa hivyo? Marko mwenyewe hamtaji mpokeaji. Anataja kinachotolewa, na wanaofunguliwa.