Kilo moja ya plastiki hula kilo ngapi za mihogo?

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, kuna swali naulizwa kila mara: mihogo tunayo, wanga umo, kwa nini tusitengeneze plastiki yetu wenyewe? Mimi ni mhandisi wa polima. Jibu langu huanza na hesabu, maana hapo ndipo mipango mingi hukwama kabla hata ya kufika benki.

Chukua PLA, plastiki ya mazao inayojulikana zaidi. Wanga huvunjwa kuwa glukosi, bakteria wakaichachusha ikawa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo ikaunganishwa kuwa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Bila hasara yoyote, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 144 za PLA; kinachotoka ni maji tu. Sasa chukua glukosi hiyohiyo utengeneze polietilini, yaani plastiki yenyewe ya rambo. Kwanza unapata ethanoli, na theluthi moja ya kaboni yako inapaa kama hewa ya ukaa. Kisha unaiondolea ethanoli maji upate ethilini. Mkononi zimebaki gramu 56.

Mchawi hapa ni oksijeni. Zaidi ya nusu ya uzito wa glukosi ni oksijeni. PLA huitunza sehemu kubwa yake, polietilini haina hata chembe. Umeilima, umeivuna, umeilipia lori, halafu umeitupa. Mafuta ya petroli hayana mzigo huo, ndiyo maana ni vigumu kushindana nayo kwa bei.

Tuseme muhogo mbichi una wanga asilimia 25, na kiwanda kinafikia asilimia 80 ya kile ambacho kingepatikana bila hasara yoyote. Kilo moja ya PLA itakula karibu kilo 6 za mihogo; kilo ya polietilini, zaidi ya 14. Kule Rayong, Thailand, kuna kiwanda cha PLA cha tani 75,000 kwa mwaka, kinachotumia sukari ya miwa. Ukitaka cha ukubwa huo hapa kwetu, kwa mavuno ya tani 8 za mihogo kwa hekta, utahitaji zaidi ya hekta 50,000. Nazo ziko mikononi mwa maelfu ya wakulima wadogo, kila mmoja na ekari zake mbili tatu, na muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku chache. Makopa hutunzika, ila kumenya na kuanika nako kuna gharama yake. Na mnunuzi wa unga yupo palepale akisubiri makopa hayohayo.

Waliofanikiwa hawakuanzia shambani. Brazil ilikuwa na mpango wa taifa wa ethanoli tangu 1975, kwa ajili ya magari. Braskem, kampuni ya kemikali ya huko, ilipofungua kiwanda chake cha polietilini ya miwa huko Triunfo mwaka 2010, kikiwa na uwezo wa tani 200,000, ilihitaji zaidi ya lita milioni 400 za ethanoli kwa mwaka, na zilikuwa tayari sokoni. Makapi ya muwa huchomwa kuendesha viwanda vya sukari, kwa hiyo hata nishati inatoka palepale. Nebraska, Marekani, nako, kiwanda cha PLA cha mji wa Blair kilijengwa jirani na kinu kikubwa cha kusindika mahindi cha kampuni ya Cargill. Pamoja na faida zote hizo, PLA bado huuzwa ghali kuliko plastiki ya kawaida.

Upande wa mazingira, watu hudhani kilichotoka shambani kitaoza. Polietilini ya miwa haiozi kamwe. Kikemia ni ileile ya mafuta. PLA huoza, lakini inataka mtambo wa mboji wenye joto la takriban nyuzi 58. Itupe baharini au mtaroni, itakaa miaka mingi. Kibaya zaidi, inafanana na chupa za maji. Zote mbili huzama majini, kwa hiyo beseni la kutenganishia halisaidii, na ikichanganyika kwenye marobota ya chupa inashusha ubora wa mzigo wote. Anayeumia ni mwokota chupa anayelipwa kwa kilo.

Faida ya kupunguza hewa ya ukaa ipo kweli, mradi hukufyeka msitu ili kulima. Lakini mbolea ya naitrojeni inayochujuka kutoka mashamba ya mahindi ya Marekani hufika hadi Ghuba ya Meksiko, na huko huchangia kuwapo kwa eneo ambalo samaki hukosa oksijeni kila kiangazi. Hilo halionekani kwenye lebo ya kijani.

Matumizi ninayoyakubali ni machache. Moja ni plastiki ya kutandaza shambani kuzuia magugu, ile ya mchanganyiko wa wanga inayolimwa pamoja na udongo baada ya mavuno. Humo kuoza ni kazi yake halisi. Hata hivyo, huko Ulaya kinachofanya inunulike ni kuokoa ujira wa vibarua ambao wangeokota ile ya kawaida. Kwa ujira wa kibarua wa Iringa leo, mkulima wa nyanya bado atanunua ya kawaida na kulipa watu waiokote.