Je, wajua kwa nini ukipiga picha machweo ya Kigamboni mtu anatoka mweusi tii? Na wapiga picha wanaitibuje hiyo shida

Shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, na kitu alichokitaka Dar kilikuwa kimoja tu, picha amesimama upande wa Kigamboni, maghorofa ya Posta nyuma yake na jua linazama, akawaonyeshe wenzake nyumbani. Basi tukavuka na pantoni, akajitanda kanga yake ya njano vizuri, akasimama, nikapiga. Anga likatoka zuri ajabu, rangi ya chungwa, maghorofa yote yanaonekana, lakini shangazi mwenyewe kivuli kitupu, hata macho huyaoni. Nikapima mwanga upya usoni kwake nikapiga tena, sura ikaja, kanga ikaja mpaka maandishi yake yanasomeka, ila nyuma kote kweupe kama shuka. Akaangalia kwenye kioo cha kamera akaniuliza, "Sasa mji umeenda wapi, mwanangu?"

Swali la maana kabisa hilo, kwa sababu mimi pale niliposimama nilikuwa naviona vyote, yeye, mji na anga. Kamera inashindwaje?

Kumbe jicho nalo halioni vyote kwa mpigo. Ukitazama angani mboni inajibana, ukirudi kwenye sura ya mtu inafunguka, na ndani kule retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo inajirekebisha, alafu ubongo unavishona vipande vyote unakupa kitu kimoja, na inafanyika haraka kiasi kwamba huwezi kujua kuna kazi imefanyika. Kamera yenyewe inafungua mara moja, inafunga, kwisha.

Ndani ya kamera kuna sensa, na sensa ni mamilioni ya vitundu vidogo vinavyokinga mwanga kama vile tunavyopanga ndoo chini ya bati mvua ya masika ikishuka. Ndoo iliyokaa pale maji yanapochuruzika inajaa upesi na kumwagika, na ikishamwagika huwezi kujua kulikuwa na maji kiasi gani, iwe mara mbili ya ndoo au mara kumi, wewe unaona ndoo imejaa tu. Hapo ndo anga linapoungua. Ndoo ya pembeni inapata matone mawili matatu yamechanganyika na vumbi la bati, na hizo ndo chenga unazoziona ukijaribu kuangaza sehemu ya giza kwa nguvu.

Mwanga tunauhesabu kwa stopu. Ukipanda stopu 1 mwanga unakuwa mara 2, stopu 2 mara 4, stopu 3 mara 8, ukifika stopu 10 ni mara 1,024. Kamera nzuri za sensa kubwa zinabeba tofauti ya stopu kama 14 kati ya giza na mwangaza kwenye ISO ya chini (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga inaoupata), simu nyingi zinabeba pungufu ya hapo kwenye picha moja. Sasa weka jua lenyewe ndani ya fremu, alafu weka mtu aliyelipa jua mgongo, uwezo wote umepitwa. Na kipimo cha mwanga cha kamera kinatafuta wastani, kikiona anga kubwa linawaka kinapunguza kila kitu, na anayeumia zaidi ni sisi wenye ngozi nyeusi tuliosimama kivulini. Hili jambo mimi linaniuma, mtu ana haki ya kutokea kwenye picha na rangi yake aliyonayo.

Dawa yake ni kuunganisha picha zaidi ya moja, na ni kongwe kuliko watu wengi wanavyodhani. Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa anapiga picha za bahari, na kemikali za vioo vya kupigia picha vya wakati ule zilikuwa zinaupokea mwanga wa bluu kupita kiasi, kwa hiyo akiitendea haki bahari, anga linakuwa jeupe tupu. Akawa anatumia negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji, anazisafisha kwenye karatasi moja na kuzikutanisha pale bahari inapogusana na anga. Kwa hiyo anayekwambia kuunganisha picha ni uongo wa kompyuta mwambie hata kompyuta zilikuwa hazijazaliwa.

Siku hizi unafanya hivi. Kamera kwenye stendi, au hata juu ya ukuta imara. Unapiga ya kawaida, tuseme shata (muda kamera inaobaki wazi) 1/60 ya sekunde, alafu moja chini stopu 2 ambayo ni 1/250 kwa ajili ya anga, alafu moja juu stopu 2, 1/15, kwa ajili ya vivuli. Badilisha shata peke yake, apacha, yaani tundu la lenzi, usiiguse maana ukiibadilisha kina cha fokasi nacho kinabadilika na picha hazitakaa pamoja vizuri, ISO iache chini, fokasi ifunge, na rangi ya mwanga usiiachie otomatiki. Kamera nyingi zina AEB kwenye menyu, inapiga zote 3 yenyewe.

Kuziunganisha kuna njia ya programu na njia ya mkono. Mwaka 2007 watafiti Mertens, Kautz na Van Reeth walitoa njia ambayo kila pikseli (kidoa kimoja kimoja kinachojenga picha) ya kila picha inapewa alama, je haijaungua wala kuzama gizani, rangi yake imekolea, ina ukali? Yenye alama nyingi ndo inachangia zaidi kwenye picha ya mwisho. Programu ya bure inaitwa Enfuse inafanya hivyo na matokeo yake yametulia. Ile HDR (kuunganisha picha za mwanga tofauti) ya kuvuta kila kitu mpaka mwisho mimi siipendi, maghorofa yanapata mwanga mweupe pembeni kama yamevishwa taji na mawingu yanakuwa kama moshi wa tairi, giza kidogo liache bana, jioni ni jioni. Njia ya mkono ndo ninayoipenda, unafungua programu ya kuhariri picha kama GIMP au Photoshop, picha ya anga juu ya picha ya sura, unaweka maski, yaani pazia la kuficha sehemu ya picha ya juu, alafu kwa brashi laini unafuta polepole pale unapotaka ya chini ionekane.

Tatizo ni vinavyotembea. Ngalawa ikikatiza kati ya picha 3 utapata ngalawa 3 zimefifia kama mizimu, dawa ni kuchagua picha moja tu kwa eneo hilo. Na mtu kwa shata 1/15 akipumua tu ameshatikisika. Simu zimelikwepa hili kwa akili, mfano HDR+ ya Google iliyokuja 2013 inapiga picha nyingi za harakaharaka zote za giza ili anga lisiungue, alafu inazipanga juu kwa juu, kwa sababu chenga kwenye kila picha zinakaa sehemu tofauti, ukichukua wastani wa picha 9 chenga zinabaki kama theluthi, hapo unaweza kuangaza sura bila kuharibu.

Shangazi tulimrudisha Kigamboni kesho yake. Nilifika na stendi saa 12 kamili, na hilo usilifanyie mchezo, Dar jua linazama kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 1 kasoro dakika 10 kutegemea mwezi, na huku karibu na ikweta linashuka wima, mwanga mzuri unakuachia dakika kama 20 tu. Nikapiga 2 tu, ya sura nikiwa nimepandisha ISO ili shata iwe 1/125 asitikisike, na ya mji jua lilipogusa mapaa. Nyumbani nilikaa na maski karibu saa nzima, shida yote ilikuwa ukingo wa kanga, nyuzinyuzi za njano zinaingia kwenye anga la chungwa, nikakuza mpaka naona pikseli moja moja. Nimemsafishia kubwa, ipo Tanga ukutani, na maandishi ya kanga yanasomeka.