Windows 10 kukoma hakujaiua laptopu yako

Kwenye saiba za Kondele na maduka ya laptopu za mtumba hapa Kisumu, wapo wanaokwambia kwamba Windows 10 imeisha, kwa hiyo mashine yako ni chuma chakavu. Si kweli, ingawa muuzaji anafurahi ukiamini. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft. Kompyuta inaendelea kuwaka. Hatari ni kwamba mianya mipya ya usalama kwa kawaida haizibwi tena.

Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta), na prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8 haizikubali. Hapo ndipo Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, inapotajwa. Lakini usiamue kwa umri wa mashine, amua kwa programu zinazokulisha. Anayeshinda kwenye kivinjari, barua pepe na kuchapa CV atahama bila jasho: Firefox ipo, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, hufungua faili za Word, japo majedwali yaliyopambwa sana huweza kuvurugika. Mwenye studio anayeishi kwa Photoshop, programu isiyo na toleo la Linux, abaki alipo. Vivyo hivyo mhasibu mwenye makro (amri za kujiendesha) nzito za Excel.

Na huhitaji kubahatisha. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Ukiridhika, nakili faili zako kwingine kwanza, kisha ndipo usakinishe.