Chembe nyeupe chache si lazima ziwe ugonjwa: jeni ya Duffy na damu ya watu wa Lamu

Anapoletwa kwangu mtu mzima kutoka Amu au Faza, asiye na homa wala vidonda vya mara kwa mara, kwa sababu tu karatasi ya maabara imesema nyutrofili zake ni chache, mimi huuliza kwanza kuhusu dawa anazotumia na kuhakikisha kwamba hana virusi vya UKIMWI wala upungufu wa lishe. Yote hayo yakiwa safi, fikira zangu huenda kwenye jeni moja iitwayo Duffy, kabla ya kumtisha kwa habari za saratani ya damu au kumchoma sindano ya uboho.

Nyutrofili ni chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Maabara nyingi huhesabu kwamba zikipungua chini ya 1,500 katika kila maikrolita ya damu kuna kasoro, na mpaka huo ulitokana zaidi na damu za watu wenye asili ya Ulaya.

Duffy ni protini iliyotambuliwa mwaka 1950 kupitia damu ya mgonjwa wa hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Hukaa juu ya chembe nyekundu na kunasa kemokini, yaani ishara za kikemikali ambazo chembe za kinga hutumia kuitana. Lakini pia ni mlango ambao kimelea cha malaria aina ya Plasmodium vivax huingilia, kama mtafiti Louis Miller na wenzake walivyoonyesha mwaka 1976. Herufi moja ya DNA ikibadilika katika sehemu inayoiamuru jeni hiyo, chembe nyekundu huacha kabisa kuitengeneza protini, ingawa kuta za mishipa ya damu huendelea kuwa nayo. Katika Afrika Magharibi na ya Kati karibu kila mtu amerithi badiliko hilo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waligundua kwamba ndilo linaloeleza kwa nini Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache, hasa waliolirithi kwa baba na kwa mama. Watu hao hawaandamwi na maambukizi kuliko wengine, na uboho wao ni mzima.

Lamu inastahili uangalifu wa pekee. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa kale wakiwemo waliozikwa Manda na Faza, ulionyesha kwamba Waafrika na watu wa Asia walianza kuchanganya damu pwani hii yapata mwaka 1000. Upande wa Afrika ulitokana zaidi na wanawake, na ule wa Asia ulitokana kwa sehemu kubwa na wanaume wa Kiajemi, kisha baada ya mwaka 1500 ukazidi ule wa Arabuni. Basi ndugu wawili wa tumbo moja, waliolelewa nyumba moja pale Langoni, wanaweza kutofautiana: mmoja akarithi nakala mbili za badiliko, mwenziwe nakala moja tu. Rangi ya ngozi haitoboi siri hiyo, wala ukoo, hata ukitajwa hadi babu wa saba.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo badala ya makisio. Kundi la Duffy hupimwa kwa seramu, kwa njia ileile ya kupima makundi mengine ya damu, na jibu halibadiliki maisha yote. Bila jibu hilo mgonjwa wa saratani anaweza kupunguziwa dozi au kucheleweshewa tiba yake bure, na mgonjwa wa akili akanyimwa klozapini, dawa inayoweza kupunguza nyutrofili na ambayo Marekani ililegeza masharti yake mwaka 2015 kwa watu wenye upungufu huu usio na madhara.

Mgonjwa akionekana hana Duffy, naandika kwenye faili idadi yake ya kawaida ya nyutrofili, na kumwomba aihifadhi nakala nyumbani. Akija siku nyingine na homa kali na hesabu imeporomoka chini ya kiwango hicho chake mwenyewe, hiyo ni dharura kama kwa mtu mwingine yeyote, na daktari wa zamu asiisamehe kwa kusema ni maumbile yake.