Aibu ndogo za chumba cha usaili

Minada ya korosho ikikaribia, maghala na kampuni za usafirishaji hapa Mtwara huanza kutafuta makarani. Mimi ni afisa rasilimali watu, na kipindi hicho hukaa kwenye majopo ya usaili asubuhi hadi alasiri. Kinachoniuma ni kuona kijana anayeijua kazi akipoteza nafasi kwa sababu ya kosa dogo la adabu ambalo sisi wajumbe tulishalisahau.

Chukua suala la mkono. Kijana anaingia na kuanza kumpa mkono mjumbe mmoja mmoja. Wawili wa kwanza wanaupokea. Wa tatu ni mama aliyejitanda mtandio; anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa na kuitikia salamu. Mkono wa kijana unabaki hewani. Kwa watu wa pwani hii hilo si geni: wapo wengi, wanawake kwa wanaume, ambao kwa dini yao hawashikani mikono na asiye maharimu wao, yaani ndugu wa karibu wasioweza kuoana naye. Mama hajachukia hata kidogo. Ila kijana ameshatahayari. Anakaa ukingoni mwa kiti, sauti imeshuka, na swali analoliweza kabisa analijibu nusu.

Kwenye majopo ninayokaa, kila mjumbe ana fomu yake na anajaza alama peke yake: ujuzi wa kazi, uzoefu, kujieleza. Mkono uliobaki hewani hauna alama. Kujieleza kuna alama, na hapo ndipo kijana anapoanguka, kwa kujikunyata baada ya tukio na wala si kwa tukio lenyewe. Kwa hiyo usitangulize mkono. Salimia wote kwa pamoja, subiri uoneshwe kiti. Ukiona kiganja kifuani, nawe weka chako, kisha kaa na uendelee.

Salamu nayo ina mitego yake. Shikamoo kwa mjumbe uliyemzidi umri huleta vicheko, na wajumbe wanaocheka wanamkosea msailiwa. "Habari za asubuhi" inalitosha jopo zima. Akiwepo mzee wa makamo ya baba yako, mpe shikamoo yake.

Mtwara ni mji mdogo, unaweza kumkuta jirani yenu au shangazi yako mezani. Usimwamkie kwa jina la nyumbani wala kumuuliza hali ya watoto. Mwambie mwenyekiti kabla ya swali la kwanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, nafahamiana na mjumbe mmoja." Yeye ndiye wa kuamua kama mjumbe huyo atoke. Ukinyamaza, jambo hilo likajulikana baadaye, hata alama ulizozipata kwa haki zitatiliwa shaka.

Kuhusu bosi wa zamani nitasema kwa ufupi: usimseme vibaya. Viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na wenye maghala wanafahamiana.

Ninalotaka mlishike zaidi ni hili la kukosea jibu. Tunauliza, kwa mfano, korosho ya daraja la kwanza utaitofautishaje na ya daraja la pili. Msailiwa anachanganya, anagundua katikati, halafu anaanza samahani juu ya samahani hadi muda unakwisha. Sema tu, "Naomba nirekebishe jibu langu," kisha lirekebishe. Mimi hapo naongeza alama, na nina sababu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka korosho ghalani na kupewa hati ya uzito wake, uanze hapa Mtwara mwaka 2007, kilo zilizoandikwa ghalani ndizo mkulima anazolipwa. Karani anayeweza kusema "nimekosea, narekebisha" mbele ya watu ndiye ninayemtaka kwenye mizani. Anayeona haya ataficha tarakimu mbovu, na mkulima wa Tandahimba au Newala ndiye atakayeumia.

Mshahara je? "Nitapokea chochote" inasemwa kwa heshima, lakini haitusaidii kujua kama utadumu. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta. Kitafute kabla hujaja, kisha taja kiwango unachoweza kukitetea.

Kuna aibu nyingine isiyokuwa ya msailiwa kabisa. Binti anaulizwa, "Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni?" Anainama kana kwamba kosa ni lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, dini au kabila, na inamlinda hata anayeomba kazi. Binti yangu, jibu kwa utulivu: "Saa za kazi nimezisoma kwenye tangazo, na ninazimudu." Halafu subiri swali linalofuata. Nanyi wenyeviti wa majopo, swali kama hilo likitoka lizuieni papo hapo, kabla binti wa watu hajaanza kutafuta maneno ya kulijibu.